Trauti Aliyelazwa Tumbo Mbele

Siku hiyo Chizuru aliamka saa kumi na nusu alfajiri akiwa na neno moja tu kinywani, na neno lenyewe lilikuwa "hapana". Alilifanyia mazoezi akiosha uso. Akalifanyia mazoezi tena akibumba matonge ya wali ya kupeleka mtoni. Jikoni pale, peke yake, lilitoka vizuri kabisa. Shida ni kwamba mtu wa kuambiwa alikuwa Teppei, na kila alipomkumbuka Teppei na masikio yake makubwa yanayogeuka mekundu kwa baridi, neno lilikataa kutoka.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Teppei amwombe wafunge ndoa. Kwa miaka mitano alikuwa akijenga barabara na mahandaki kwenye mabonde ya milima ya Hida, na sasa Jumatatu anarudi kwao Himi, pwani. Baba yake kapooza upande mmoja, duka la samaki halina mtu, na yeye ndiye mtoto wa kwanza.

"Twende wote," alimwambia. "Sikuharakishi. Nipe jibu siku ya mwisho ya mto."

Na siku ya mwisho ya mto ndiyo hiyo. Kesho yake uvuvi ulikuwa unafungwa, samaki wa mtoni waitwao trauti waachwe wazae kwa amani mpaka Machi.

Sasa utauliza, kwa nini hapana, na moyo wote unapiga ndiyo? Kwa sababu ya baba. Mzee Isaburo alikuwa na binti mmoja, nyumba moja ya wageni yenye vyumba sita, na mke aliyelala kaburini mwaka wa tisa. Teppei alipokwenda kujieleza, mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatamka mara moja tu: "Mume wa Chizuru ataingia nyumba hii na atachukua jina la nyumba hii." Akaomba aongezwe chai. Chizuru akajibu, "Ndiyo, baba," akamimina chai. Basi. Tangu hapo hakuna aliyeligusa tena jambo hilo mle ndani. Teppei mwenyewe alikuwa radhi kubadili jina, lakini kubadili jina kusingemnyanyulia mama yake makreti ya samaki kila alfajiri.

Alipokuwa anafunga mzigo, Chizuru aliinua macho akakitazama kisu cha mama kilichotundikwa juu ya jiko. Kilikuwa kimenolewa miaka na miaka mpaka kikabaki chembamba, na mpini wake ulikuwa umebonyea pale vidole vya mama vilipokuwa vikikaa. Alipotimiza miaka ishirini aliwahi kukiomba. "Kisu hiki hakitoki jikoni," baba alimjibu, na hata kukinoa hakumruhusu. Chizuru akachukua kisu cha kawaida, akakitia kwenye kikapu. Nje honi ikalia.

"We bibi harusi, mto hautusubiri!" Ilikuwa sauti ya Wakana, shoga yake tangu darasa la kwanza. Mumewe Daigo, fundi wa misumeno ya mashine, ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na Teppei kakaa nyuma, magoti yamemfika kidevuni.

"Usiniite hivyo," Chizuru alimnong'oneza akipanda.

"Nikuiteje? Bibi chai?"

"Wakana!"

"Haya, nimenyamaza. Chumvi nimebeba mimi, usihangaike."

* * *

Kengele za kufukuzia dubu zililia viunoni mwao wakishuka bondeni. Maji yalikuwa meupe kwenye mawe na ya kijani kwenye madimbwi. Daigo na mkewe walibaki sehemu ya chini. Chizuru na Teppei wakapanda juu, wawili peke yao, jambo ambalo bila shaka lilikuwa limepangwa.

"Teppei!" Daigo alipaza sauti nyuma yao. "Leo usirudi mtawa tena, ndugu yangu! Mwaka wa tano huu!"

Mvuvi anayerudi mikono mitupu huitwa mtawa mabonde yale, maana watawa wa huko hunyoa kichwa kikabaki kitupu kama kikapu chake. Na Teppei, masikini, alikuwa mtawa wa kudumu. Hajawahi kupata hata trauti mmoja. Yeye mtoto wa bahari, aliyekulia katikati ya samaki wakubwa kama mbwa, alikuwa anadhalilishwa na visamaki vya shibiri moja.

Mtoni huko watu huvua wakipanda, wakielekea yanakotoka maji. Anayetangulia ndiye anayekuta samaki hawajashtuka, na anayefuata huambulia maji matupu. Ndiyo maana wenye adabu hupokezana, dimbwi hili langu, lile lako. Lakini Teppei kila zamu yake ikifika alikuwa na sababu. Mara mshipi umejifunga, mara kokoto imeingia kiatuni.

Chizuru alikuwa ameshatia samaki wanne kikapuni alipogeuka na kumkazia macho.

"Hivi kwa nini hutangulii?"

"Nikiwa nyuma naona vizuri."

"Unaona nini?"

"Shingo yako."

"Mpumbavu wee," Chizuru alisema, na joto likampanda mpaka kwenye hiyo shingo yenyewe. "Miaka mitano unajiita mvuvi, kumbe unatazama shingo za watu?"

"Si za watu. Moja tu."

Chizuru akageukia maji haraka. Angekaa akimtazama sekunde moja zaidi angelia, na hakutaka kulia akiwa amevaa suruali ya mpira. Mbele yao kulikuwa na dimbwi la mwisho, chini ya mwamba, pale ambapo bonde linajifunga na mtu hawezi kupita tena.

"Leo unatangulia," alimwambia. "Sitaki sababu. Nenda."

Teppei alimtazama, akaona hana utani, akasogea. Alirusha ndoana vibaya. Akairusha tena. Mara ya tatu ilitua kwenye ukingo wa povu, ikazama polepole, na mshipi ukasita.

"Usivute!" Chizuru alinong'ona akimjia mbio. "Mwache... mwache amung'unye... Sasa!"

Mwanzi wa kuvulia ukapinda. Yule mwanamume mzima akaanza kupiga kelele kama mtoto aliyeona theluji. "Chizuru! Yupo! Chizuru, nifanyeje?"

"Inua! Mlete huku, huku kwangu!"

Akamleta. Trauti alikuwa mnene, wa shibiri na ushee, madoa yake ya kijivu yamepangika ubavuni. Teppei alimshika kwa mikono miwili, masikio yamekuwa mekundu kama nyanya.

"Ni wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu wa kwanza kuniona nimepata ni wewe."

Ndipo lile neno la alfajiri lilipomfika ulimini. Chizuru alifungua mdomo. Teppei akamwona usoni, akatikisa kichwa haraka.

"Usiseme sasa. Nimeshaliona jibu, liko kwenye macho yako tangu ulipopanda gari. Ila nikilisikia saa hii, samaki huyu nitamla na machozi. Tule kwanza, Chizuru. Nipe chakula kimoja tu cha furaha."

Chizuru alikunja mshipi wake. Akamshika mkono na kumwongoza chini kwenye mawe, na wala hakuuachia hata walipofika mahali tambarare.

* * *

Moto wa Daigo ulikuwa umeshashika. Chizuru alichuchumaa ukingoni, akapasua matumbo ya samaki, akayasafisha kwenye maji yanayopita, akawachoma vijiti vya mwanzi kwa namna ya kwao, mwili umepindwa ili samaki aonekane kama bado anaogelea. Akanyoosha mkono nyuma.

"Chumvi."

Mkono ulibaki mtupu.

"Wakana, chumvi."

"Masikini mimi!" Wakana alijipiga paji la uso. "Nimeiacha mezani!"

Daigo akaanza kuangalia mawingu. Hakukuwa na mawingu.

"Umeacha chumvi? Siku ya samaki umeacha chumvi?"

"Ubinadamu huo, mwenzangu. Ila usijali, nimekimbia pale darajani simu inakoshika. Mzee anatuletea."

"Mzee gani?"

"Sasa bonde hili lina wazee wangapi wenye pikapu? Baba yako!"

Teppei akasimama, akakaa, akasimama tena, akajipangusa magamba kwenye suruali. Wakana alipoinama kuongeza kuni, kifuko cheupe cha chumvi kilichungulia kwenye mfuko wa koti lake, kimefungwa vizuri kabisa kwa mpira. Chizuru akakiona. Wakana akaona kwamba kimeonwa, akakisukuma ndani bila haya.

"Nitakunyonga," Chizuru alisema chinichini.

"Kesho," Wakana alimjibu. "Leo nina njaa."

Robo saa haikupita, pikapu nyeupe ikasimama juu barabarani. Mzee Isaburo alishuka kwa ile njia ya mawe akivuta mguu wenye goti bovu, mkononi kashika furushi la kitambaa cha buluu. Akalifungua kidogo, akatoa gudulia la chumvi, akalifunga tena na kuliweka kando yake.

"Shikeni. Narudi, nina wageni saa tisa." Kisha akautazama moto. "Daigo."

"Naam, mzee."

"Unachoma samaki au unachoma kijiji?"

"Samaki, mzee."

"Basi wasogeze nyuma! Moto mkali, samaki mbali. Hamjui hata hilo?" Na akakaa. Asingeweza kuondoka na kuacha samaki watano waharibiwe mbele ya macho yake, na Wakana alilijua hilo vizuri sana.

Mzee mwenyewe ndiye aliyewapaka chumvi, akiibandika nene kwenye mapezi na mikia ili visiungue. Saa nzima walikaa wakingoja. Mafuta yalidondoka midomoni mwa samaki, chwii, kwenye majivu. Wakatafuna figili nyekundu za kachumbari, Daigo akapasha sake, pombe ya mchele, kwenye birika. Teppei alimmiminia sake mara mbili, mzee akapokea mara mbili, macho kwenye moto.

Samaki walipoiva, Teppei aliinuka kabla ya mtu yeyote. Akachagua jani moja pana la mti wa kando ya mto, akalipangusa kwa mkono wa shati, akamchomoa kijiti yule trauti wake mnene, akamlaza juu ya jani na kumweka mbele ya mzee kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee. Ni wangu wa kwanza."

Mzee Isaburo alilitazama lile jani. Hakugusa vijiti vyake vya kulia.

"Nani kamlaza samaki huyu?"

"Mimi, mzee."

Daigo alikohoa. Wakana akaangalia viatu vyake. Chizuru naye akaona. Samaki alikuwa kalazwa tumbo likimwelekea mlaji. Mabonde yale hata mtoto wa chekechea anajua kwamba samaki wa bahari hulazwa tumbo mbele, lakini wa mto ni mgongo mbele, maana utamu wake uko mgongoni. Kumwekea mwenye nyumba ya wageni trauti wa tumbo mbele ni sawa na kumkaribisha mtu kwenye kiti kilichopinduliwa.

"Miaka mitano uko huku," mzee alisema, wala hakupaza sauti. "Miaka mitano, na mkono wako bado uko baharini."

"Nisamehe, mzee. Mkono umekwenda wenyewe. Mama yangu huwa—"

"Mkono hausemi uongo. Jumatatu unarudi kwenu, rudi salama. Ila usiniambie kwamba ungeweza kusimama jikoni kwangu."

Teppei aliinamisha kichwa. Akanyoosha mkono amgeuze samaki. Furaha yote ya kule juu kwenye mwamba ilikuwa imemtoka usoni. Chizuru aliiona ikitoka. Hilo ndilo lililomshinda.

Akamdaka kifundo cha mkono.

"Usimgeuze."

"Chizuru," baba alisema.

"Hapana, baba." Hapana ilikuwa imetoka, ila imeelekea upande ambao hata mwenyewe hakuutegemea. "Asigeuzwe. Miaka mitano huyu hajapata hata samaki mmoja, na unajua kwa nini? Kwa sababu siku zote ananiacha mimi nitangulie. Leo kapata wa kwanza, hajamwonja hata yeye mwenyewe, kakuletea wewe. Na kakuelekezea tumbo kwa sababu kwao tumboni ndiko kuna utamu, na kwao mgeni hupewa kwenye utamu. Kuna kosa gani hapo? Wewe ukiweka mgongo mbele si kwa sababu hiyohiyo?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nampenda!"

Mto uliendelea kupiga mawe. Wakana alikuwa ameacha kutafuna.

"Nampenda, baba," Chizuru alirudia, na sasa machozi yalikuwa yanashuka na hakuyajali. "Nataka kwenda naye. Sijui kuuza samaki wa baharini, na mama yake sijui ataniona vipi, na usiku nawaza nani atakutengea chai, nani atakukanda goti, nalia mpaka mto wa kulalia unalowa. Lakini nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu hivi."

Akajipangusa uso kwa kiganja. Mzee Isaburo aliutazama moto. Halafu akachukua vijiti vyake, akampasua trauti ubavuni, upande wa tumbo, akatia kipande mdomoni. Akatafuna polepole.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini, baba?"

"Kuna mafuta huku." Akachukua kipande kingine. "Wiki tatu nakungoja, mwanangu. Kila asubuhi najisemea, leo atasema. Wewe unanimiminia chai. Nimekunywa chai mpaka tumbo limekuwa ziwa."

"Lakini baba, si ulisema—"

"Nilisema ninachotaka mimi! Wewe hukusema unachotaka wewe, ningejuaje? Mama yako alikuwa akinipinga kabla sijamaliza kusema. Nilidhani umemrithi. Nikaona umenirithi mimi, unafungia mambo moyoni. Nikaogopa." Akapangusa mdomo. "Goti langu ni la kwangu. Na jikoni, huyu mwongo mwenye chumvi mfukoni kaniomba kazi tangu mwaka jana."

Wakana alipiga ukelele akajiziba mdomo. Daigo akacheka mpaka sake ikamwagika.

"Na wewe."

"Naam, mzee!" Teppei alikurupuka.

"Chumvi hii unajua inatoka wapi?"

"Pwani, mzee."

"Kwenu. Babu yangu aliinunua kwenu, baba yangu aliinunua kwenu. Hakuna siku tuliyoirudisha." Akachukua jani jingine, akachagua trauti mwingine, akamlaza taratibu, mgongo mbele, akalisogeza jani mpaka likagusa magoti ya Teppei. "Mimi nimekula cha kwenu. Wewe kula cha kwetu. Machi mto ukifunguliwa mtakuja wote wawili, nione kama mkono umejifunza."

Teppei aliinama mpaka paji la uso likagusa mawe, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yakimtikisika. Chizuru akamvuta sikio moja ili ainuke.

"Kula, samaki anapoa."

"Hujanijibu," alimnong'oneza.

"Masikio yote haya hukusikia?"

"Nimesikia ukimjibu mzee. Mimi bado."

Chizuru akamwegemea sikioni, karibu kabisa, wasisikie wengine. "Ndiyo," alimwambia. "Ndiyo, Teppei. Ndiyo."

* * *

Saa nane na nusu mzee alisimama, akashika goti lake, akaanza kupanda kwenda barabarani. Alikuwa ameshafika kwenye pikapu Chizuru alipoliona furushi la buluu limebaki juu ya jiwe.

"Baba! Umesahau furushi lako!"

"Si langu," mzee alijibu bila kugeuka.

Chizuru akalifungua. Ndani, kikiwa kimeviringishwa kwenye taulo safi na kunolewa upya, kulikuwa na kisu cha mama. Vidole vyake vilienda vyenyewe kwenye mpini, vikakaa kwenye mabonyeo, vikaenea. Baba alikuwa amekibeba tangu nyumbani. Kabla ya moto, kabla ya samaki, kabla ya neno lolote, alikuwa ameshakibeba.

"Baba!" alipaza sauti, na kilio kikamkata katikati. "Kisu hiki si ulisema hakitoki jikoni?"

Mzee Isaburo aliwasha gari, akashusha kioo, akachungulia chini mtoni pale binti yake aliposimama na yule kijana wa masikio makubwa pembeni yake.

"Basi kitafutie jiko!" alimjibu, akaondoka.